Kadi za besiboli za karne ya 19: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyazoea. Huulizwa na shemeji, na majirani, na Waswahili wenzangu huku Marekani ambao Jumamosi moja wamepita mahali mtu kapanga vyombo vyake nje ya nyumba anaviuza, wakaona albamu chakavu yenye vipicha, wakanipigia simu papo hapo. Nimeyapanga kadiri yanavyokuja. Mengine yana jibu la mstari mmoja, mengine yanataka mtu akae chini.

Kadi ya besiboli ni kitu gani hasa?

Ni kipande cha karatasi ngumu chenye picha ya mchezaji, jina lake, timu yake, na mara nyingi jina la kampuni iliyokitoa. Kama utotoni ulikusanya vipicha vya wanasoka vilivyokuja ndani ya bablishi, ukavibadilishana na wenzako shuleni, basi huna haja ya maelezo zaidi. Tofauti ni kwamba hivi ninavyovizungumzia hapa havikuja na bablishi. Vilikuja na sigara.

Ya kwanza kabisa ni ipi?

Hapo wakusanyaji hawajawahi kuelewana, na ugomvi wenyewe ni juu ya maana ya neno "kadi". Kuna picha ya timu ya Atlantics ya Brooklyn ya mwaka 1865, iliyobandikwa kwenye karatasi ngumu, ya aina ambayo watu wa enzi hizo walipeana kama kumbukumbu. Nakala moja iko Maktaba ya Bunge, Washington. Wako wanaosema hiyo ni picha tu, kwamba kadi sharti iwe imetolewa ili kutangaza biashara. Hao watakupeleka kwa Peck & Snyder, duka la vifaa vya michezo la New York lililotoa kadi za timu mwishoni mwa miaka ya 1860. Maarufu zaidi ni ya Cincinnati Red Stockings ya 1869, timu ya kwanza ambayo wachezaji wake wote walilipwa mshahara waziwazi. Mbele ina picha, nyuma tangazo la duka. Mimi niko upande huu wa pili. Lile tangazo la nyuma ndilo linaloitenga kadi na picha ya familia.

Mbona ni kampuni za sigara?

Pakiti za sigara wakati huo zilikuwa za karatasi laini. Mtu akiitia mfukoni kisha akakaa, sigara zinakatika. Kampuni zikawa zinatia kipande cha karatasi ngumu ndani kuzikinga, na haikuchukua muda mtu kugundua kwamba kipande hicho kinakaa kitupu bure. Wakakitia picha: waigizaji wa kike, bendera, ndege, majenerali, mabondia, na wachezaji wa besiboli.

Nyuma ya hayo kuna mashine. Mwanzoni mwa miaka ya 1880, James Bonsack wa Virginia alipata hataza ya mashine ya kusokota sigara, na James Buchanan Duke wa North Carolina akaichangamkia kabla ya wenzake. Msokotaji hodari wa mkono alitoa sigara elfu chache kwa siku. Mashine moja ilivuka laki moja. Ghafla sigara zikazidi wavutaji, na kila kampuni ikawa inatafuta njia ya kumvuta mteja wa mwenzie. Kadi ndiyo ilikuwa chambo. Kwa kuwa zilikwenda kwa mfululizo, ukipata kumi unataka hamsini, na mtoto asiyevuta anamsumbua baba yake avute aina hii na si ile.

Zipi ndizo majina makubwa?

Old Judge za Goodwin & Company ya New York, zilizotoka kati ya 1886 na 1890, ndizo bahari yenyewe. Zina wachezaji zaidi ya 500, na kwa kuwa mchezaji mmoja aliweza kupigwa picha akirusha, akidaka, akipiga na akijifanya anajitupa chini, ukihesabu mikao yote unavuka elfu mbili kwa mbali. Sijaona mtu mwenye akili timamu anayelenga kuzipata zote.

Allen & Ginter ya Richmond, Virginia, ilitoa mwaka 1887 seti ya kadi 50 za mabingwa wa dunia, zenye rangi za kuvutia. Wa besiboli ni 10 tu. Waliobaki ni mabondia, wapiga makasia, wanamieleka, wacheza biliadi na walenga shabaha, akiwemo Annie Oakley. Kuna Buchner Gold Coin, zilizokuja na tumbaku ya kutafuna, ambazo nazipenda kwa ujanja wake: mchoro uleule ulitumika kwa wachezaji kadhaa, wakabadilisha jina tu. Kuna Kalamazoo Bats za Charles Gross & Co. ya Philadelphia. Na kuna Mayo's Cut Plug za 1895, zenye kingo nyeusi tii, ambazo nitazirudia.

Nielezee moja, nione kama niko nayo mkononi.

Haya. Ninayo Old Judge moja. Ni ndogo, karibu sentimita 4 kwa 6, nyembamba kuliko kitambulisho chako cha taifa. Si chapa ya wino. Ni picha halisi iliyosafishwa kwenye karatasi nyembamba yenye utando wa ute wa yai na chumvi za fedha, kisha ikagandishwa juu ya karatasi ngumu. Rangi yake ni ya chai ya maziwa. Kuna nyingine zimegeuka waridi kwa uzee.

Aliye pichani ni mrushaji wa Indianapolis ambaye hata huko Indianapolis leo hakuna anayemkumbuka. Amevaa sweta ya kola, mikono ameinua, anadaka mpira. Lakini ukisogeza jicho, utaona mpira hauanguki. Umening'inizwa kwa uzi kutoka darini! Kamera za siku hizo hazikuweza kukamata mpira unaoruka, kwa hiyo mchezaji alipelekwa studio, akasimamishwa juu ya zulia mbele ya pazia lililochorwa miti, akaambiwa atulie kama anadaka. Uzi unaonekana. Zulia linaonekana. Hawakujali kuvificha. Chini kuna jina, nafasi anayocheza uwanjani, timu, na maneno ya kutangaza sigara. Nyuma imechunika pembe mbili, kwa sababu kuna mtoto wa mwaka 1888 aliyeibandika kwenye daftari kwa gundi ya unga.

Kama zilitolewa na kampuni kubwa, kwa nini leo ni adimu?

Kwa sababu ya yule mtoto, kwanza. Kadi hizi zilikuwa za kuchezea. Zilibandikwa kwenye madaftari, zikatobolewa pini, zikakatwa kingo zitoshee kwenye albamu, zikatiwa mfukoni na kufuliwa na suruali. Halafu zikaja kazi za akina mama za kusafisha nyumba, kuhama, moto, mafuriko ya vyumba vya chini, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kampeni za kukusanya karatasi kuukuu kwa ajili ya jeshi. Albamu ya babu ilikuwa karatasi kama karatasi nyingine.

Pili ni ile picha yenyewe. Old Judge inafifia. Ukiiacha juani miaka michache, uso wa mchezaji unaondoka taratibu na unabaki na karatasi ya manjano yenye kivuli. Kadi ya wino ya Allen & Ginter inavumilia zaidi, ndiyo maana utaikuta imechangamka kuliko Old Judge ya mwaka uleule.

Sababu ya tatu ni kwamba zilidumu muda mfupi mno.

Kwa nini zilikoma?

Kwa sababu ushindani ulikoma. Januari 1890 kampuni tano kubwa, zikiwemo za Duke, Allen & Ginter na Goodwin, ziliungana kuwa American Tobacco Company, na Duke akawa mkuu. Ukiwa unamiliki karibu kila pakiti ya sigara dukani, unamshawishi mteja akuhame aende wapi? Kadi zikawa gharama isiyo na faida, zikakatwa. Mayo ya Richmond, iliyokuwa nje ya muungano, ilitoa zake 1895, na kuna vijikundi vidogo kama vya tumbaku ya Just So, za timu ya Cleveland, mwaka 1893. Vinginevyo kwa kadi za tumbaku ni kama kimya mpaka 1909.

Kwa hiyo dirisha lenyewe, ukitoa zile za mwanzo za Peck & Snyder na wenzao, ni kama miaka mitano.

Si ndiyo zile zinazouzwa mamilioni ya dola?

Hapana, na hili ndilo swali linalonichosha kuliko yote. Ile ya mchezaji Honus Wagner iliyouzwa dola milioni 7.25 mwaka 2022 ni ya kundi liitwalo T206, lililotoka kati ya 1909 na 1911. Ni ya karne ya 20. Ile ya Mickey Mantle iliyovunja rekodi kwa dola milioni 12.6 mwaka huohuo wa 2022 ni ya 1952, wakati wa bablishi. Zote mbili ni changa ukizilinganisha na mrushaji wangu wa Indianapolis.

Basi iliyo adimu zaidi si ndiyo ghali zaidi?

Laiti. Hapa ndipo watu wanapopoteza fedha, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mantle wa 1952 hana uadimu wowote wa kutisha. Kampuni za kupima kadi, zile zinazokagua uhalisi na hali ya kadi, zikaipa alama na kuifungia kwenye kasha la plastiki, zimeshapokea zaidi ya elfu moja. Kwa upande mwingine kuna Old Judge za mikao fulani ambazo nakala zinazojulikana hazifiki kumi, yaani adimu kama wali wa daku, na bado mtu wa kipato cha kawaida anaweza kuinunua kwa dola mia kadhaa ikiwa mchezaji hana jina na hali yake ni mbovu. Nakala kumi mbele ya wateja watano ni nyingi. Nakala elfu mbele ya wateja laki moja ni chache. Mantle alionekana kwenye televisheni, na watoto waliomshangilia wamekuwa wazee wenye fedha. Mrushaji wa 1888 hana shabiki hata mmoja aliye hai.

Ndani ya kadi za karne ya 19 zenyewe, kinachopandisha bei ni jina likikutana na uhaba. Mfano wa vitabuni ni Cap Anson, nahodha wa Chicago, mmoja wa watu maarufu zaidi siku hizo. Old Judge zake nyingi zinamwonyesha kavaa suti ya mjini. Zile chache mno ambazo kavaa sare ya timu, mkusanyaji wa kweli anaweza kumaliza maisha bila kuishika moja. Hapo una jina kubwa, uhaba wa kweli, na hadithi ya kusimulia, na bei inakimbia. Vivyo hivyo kwa wale wa New York Metropolitans waliopigwa picha wamevaa tai za madoadoa: si mabingwa, ila kundi ni dogo na kila anayefuata Old Judge anawataka.

Lingine ni kwamba uhaba ukipita kiasi unaweza kuumiza bei. Kadi isiyouzwa popote kwa miaka kumi haina bei ya kulinganishia. Muuzaji anataka dunia, mnunuzi anaogopa, na dalali anaguna.

Huyo Anson si ndiye aliyekataa kucheza na Weusi?

Ndiye. Moses Fleetwood Walker, mdakaji Mweusi, alicheza ligi kuu na timu ya Toledo mwaka 1884, na mdogo wake Weldy akacheza naye kidogo mwaka huo. Anson alishatishia mwaka 1883 kutoiingiza Chicago uwanjani kama Walker angecheza, na mwaka 1887 alikataa tena kukabiliana na wachezaji Weusi wa Newark. Julai 1887 viongozi wa International League walipiga kura kutoidhinisha mikataba mipya ya Weusi. Ligi kuu haikumpokea mwingine waziwazi hadi Jackie Robinson, 1947.

Sasa tazama tarehe. Old Judge zinaanza 1886 na kuisha 1890. Kadi zinatiwa kwenye pakiti wakati uleule mlango unafungwa. Ninapoona watu wanapigana minadani kwa Anson aliyevaa sare, siwezi kuiona kadi hiyo kwa macho yao.

N172, N28, T206: hizo namba ni za nini?

Ni kazi ya Jefferson Burdick wa Syracuse, New York, fundi wa kawaida kiwandani, aliyesumbuliwa na ugonjwa wa viungo kwa miaka mingi. Mwaka 1939 alitoa orodha iliyopanga kadi za Marekani kwa herufi na namba: N kwa za tumbaku za karne ya 19, T kwa za karne ya 20. Old Judge ikawa N172, Allen & Ginter ya 1887 N28, Mayo N300. Mpaka leo wakusanyaji wanaongea kwa namba hizo kama makondakta wanavyoongea kwa namba za ruti.

Burdick alilikabidhi Jumba la Makumbusho la Metropolitan, New York, vipande zaidi ya 300,000, kadi za besiboli zikiwa zaidi ya 30,000. Alikwenda mwenyewe kuvibandika kwenye albamu kwa vidole vilivyokakamaa, mwaka baada ya mwaka. Alimaliza Januari 1963. Machi akafariki.

Wapo wanaonung'unika kwamba alizibandika kwa gundi. Ni kweli. Lakini bila yeye tungekuwa na rundo lisilo na majina.

Tunajuaje zimebaki ngapi?

Kampuni za kupima kadi, kama PSA na SGC, huchapisha hesabu ya kila kadi zilizopokea. Ni msaada mkubwa, ila usiifanye msahafu. Mtu asiyeridhika na alama huvunja kasha la plastiki na kuituma kadi tena, nayo ikahesabiwa mara mbili. Kisha ziko zilizolala kwenye albamu za familia na makumbusho ambazo hazijawahi kupimwa. Hesabu inakosea pande zote mbili kwa mpigo. Ninachofanya mimi ni kuangalia pia katalogi za minada za miaka ya nyuma na kulinganisha makovu: kona iliyokunjika, doa la kahawa, herufi iliyoandikwa kwa penseli nyuma. Mara nyingi "nakala tatu" zinageuka kuwa moja iliyouzwa mara tatu.

Inawezekana zikapatikana nyingine?

Inatokea. Ile picha ya Atlantics ya 1865 niliyoitaja juu: mwananchi mmoja wa Maine alinunua albamu, chupa kuukuu za Coca-Cola na viti kwenye mauzo ya nje ya nyumba huko Baileyville, kwa chini ya dola 100 vyote. Ndani ya albamu ilikuwemo. Februari 2013 ikanadiwa kwa dola 92,000.

Mfano wa kutia hofu ni wa Defiance, Ohio, 2012, ingawa kadi zenyewe ni za 1910. Ndugu waliokuwa wanapanga dari ya nyumba ya babu, aliyewahi kuwa na bucha, walikuta boksi la kadi kama 700, zimefungwa kwa uzi, hazijaguswa miaka mia moja. Seti ambayo nakala zake safi zilikuwa karibu hazipo, siku moja ikawa nazo kwa mamia. Aliyekuwa amenunua nakala nzuri mwaka mmoja kabla nadhani alilala vibaya.

Nitatambuaje feki?

Nilijifunza kwa kulipa. Mwaka wangu wa kwanza nilinunua "Old Judge" kwa dola 40 gulioni, kwa mzee mwenye sauti ya upole. Nilipoitia chini ya lenzi nyumbani nikakuta uso wa mchezaji umejaa vidoto vilivyojipanga mistari. Picha halisi ya ute wa yai haina vidoto. Rangi inafifia taratibu kama moshi. Vidoto vilivyopangwa sawasawa ni kazi ya mashine ya kisasa. Kwa Allen & Ginter vidoto vipo, lakini ni vya mkono wa mchoraji, vimetawanyika bila mpango.

Njia ya pili ni taa ya mwanga wa zambarau, ile ya kukagulia noti. Karatasi ya kisasa ina dawa ya kuing'arisha, inawaka buluu gizani. Karatasi ya 1887 inabaki imenuna.

Kuna pia kadi ya kweli iliyochezewa. Mayo zina kingo nyeusi zinazomeguka na kuonyesha weupe, na wapo wanaozipaka wino kuficha. Wengine hukata kingo zilizochakaa zionekane kali. Na usidhani ni wahuni wa mitaani tu: mwaka 2013, aliyekuwa mwenye kampuni kubwa ya minada alikiri makosa mbele ya mahakama ya Chicago, na pia akakiri kwamba ile Wagner mashuhuri kuliko zote aliikata kingo kwa mkono wake.

Nimekuta albamu ya zamani. Nifanye nini?

Usibandue kitu. Usifute kwa kitambaa chenye maji. Usikunjue kona. Na kwa hisani yako, usiipeleke steshenari kupigwa laminesheni. Nimeshaiona iliyofanyiwa hivyo, na aliyeifanya alikuwa na nia njema kabisa. Ipige picha mbele na nyuma, iweke mahali pakavu pasipo na jua, ndipo utafute mtu wa kuitazama.

Unauza yako?

Hapana. Na ile feki ya dola 40 pia siiuzi. Nimeziweka kwenye kurasa mbili zinazotazamana.